Jua la Suguti na Karatasi ya Bwana Eliezeri

Enzi zetu wiki ilikuwa inaisha. Wenzangu wa umri wangu mtanielewa. Watoto wetu sitegemei wanielewe, maana kwao Ijumaa na Jumatatu ni kitu kimoja, simu inalia zote mbili. Kwetu wiki ilifika mahali ikafungwa, na aliyeifunga alikuwa baba yangu, akiwa ameshika saa ya mkono kiganjani kwa sababu mkanda wake ulikatika mwaka ambao hata mkanda wa saa ulikuwa haupatikani dukani. Alisimama mlangoni, akaitazama ile saa, akasema wekeni chini mlichoshika. Nasi tuliweka. Jembe, kisu cha samaki, mwiko, hata penseli.

Siku hizi nimechoka, nakiri. Labda ndiyo maana naikumbuka sana ile amri ya kuweka chini.

Tuliishi upande wa Suguti, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati upande mmoja na nyasi upande wa pili, kwa kuwa bati liliadimika kabla paa halijakamilika. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu mihogo. Watu walimwita baba Myahudi, na sisi tukawa watoto wa Myahudi, wala hawakusema kwa ubaya, ni kama wanavyomwita mtu Fundi. Baba hakuwa Myahudi. Alikuwa Mjita wa hapo hapo, aliyebatizwa akiwa mchanga, na mama alihakikisha Jumapili tunakwenda kanisani na kijiji chote. Ila katika ujana wake baba alikuwa dereva wa mtaalamu wa visima aliyetoka Israeli. Nyumbani tulimjua kwa jina la Bwana Eliezeri, ingawa sisi watoto hatukumkumbuka sura. Walizunguka pamoja Bunda, Butiama mpaka Kisorya wakitafuta maji, wakilala kwenye hema, mashine ya kuchimbia ikipoa nje.

Huyo Bwana Eliezeri alisali mara tatu kwa siku: asubuhi kabla ya kunywa chai, alasiri katikati ya kazi, na jioni. Baba alipomuuliza kwa nini mara tatu, akaelezwa kwamba zamani walikuwa na hekalu na sadaka zake, asubuhi na alasiri, na moto uliowaka madhabahuni hadi asubuhi. Hekalu likabomolewa, watu wakatawanywa duniani, na mahali pa sadaka wakaweka sala. Yaani huna tena mnyama wa kutoa, basi unatoa muda wako. Baba, ambaye wanyama wenyewe hakuwa nao, alilipenda sana jambo hilo. Akaanza kusimama kando ya yule mzungu wake, yeye akisali Kijita na mwenzake Kiebrania, na kazi ikaendelea.

Kisha serikali zetu mbili zikakosana, na Bwana Eliezeri akaambiwa arudi kwao ndani ya siku chache tu. Alimwachia baba ovaroli la kijani la kazi, ile saa ya mkono, na karatasi moja iliyokuwa imebandikwa kwenye nguzo ya hema. Ilikuwa na maandishi yasiyosomeka, ila tarakimu zake ni hizi hizi zetu. Kila wiki ya mwaka ilikuwa na saa mbili: ya Ijumaa Sabato inapoingia, na ya Jumamosi inapotoka. Baba akaja nayo nyumbani, akaipigilia ukutani juu ya kitanda chake, akaiheshimu kuliko cheti chake cha udereva.

Tulikua chini ya karatasi hiyo. Asubuhi baba alituamsha tukanawe mikono kabla ya kugusa chochote, kisha tunasimama uani tukiangalia kaskazini. Yerusalemu, alisema, iko huko: unavuka ziwa unaikuta Kenya, halafu Sudani, halafu Misri, halafu umefika. Alivyotamka ungedhani ni mwendo wa kwenda Kisorya kupanda kivuko. Alasiri sala ilimkuta popote, na mimi nimemwona amesimama katikati ya mihogo, jembe begani, midomo inacheza, wapita njia wakisubiri amalize ndipo wamsalimie. Mezani ndipo ilipokuwa kazi. Ugali ulishukuriwa peke yake, samaki peke yake, papai peke yake, na baada ya kushiba tunashukuru tena. Ndugu zangu na mimi tumekula ugali uliopoa maisha yetu yote ya utotoni. Leo namtazama mwanangu Neema anapiga picha chakula kabla hajala, nacho kinapoa, nasema basi, kila kizazi na ibada yake.

Samaki asiye na magamba hakuingia kwetu. Kambare, kamongo, hao walipita mlangoni wakiwa wamebebwa na wengine. Jambo hilo lilikuwa rahisi chakula kilipokuwapo, likawa gumu mwaka tuliokula ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, jirani anachoma kambare na moshi unakuja moja kwa moja puani mwako. Sangara alipoanza kuonekana kwenye nyavu zetu, mkubwa kuliko mtoto wa darasa la pili, watu walimwogopa, wengine wakisema anakula maiti. Baba yeye alikuwa na swali moja tu. Alimlaza mmoja ufukweni, akachukua kisu, akamkwangua mbele ya watu, magamba yakaruka. Akasema huyu ni halali yetu, tukamla usiku huo huo na mafuta yake yakatuharisha wote. Hata hivyo baba alishukuru.

Lakini Sabato ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba. Baba alisema Sabato ni malkia, na malkia haitwi, anakuja kwa saa yake. Mwezi wa sita alikuja jua likikaribia ziwani, kama ambavyo mtu angetegemea. Ila kadiri mwaka ulivyokwenda alizidi kuwahi. Ikifika Desemba anaingia saa kumi na dakika tano alasiri, jua kali liko juu, wenzetu wote wako mashambani wanawahi mvua za vuli, na sisi tumekaa barazani tumevaa nguo safi zilizofuliwa kwa majani ya mpapai, maana sabuni haikuwapo. Mama anawasha koroboi mchana kweupe. Watoto wa jirani walipita wakicheka, wakiuliza kama Wayahudi huwa hawaoni vizuri. Tulimuuliza baba kwa nini malkia anakuja mapema hivyo mwezi wa kumi na mbili. Akasema mgeni wa heshima akiwahi, utamwambia asubiri nje?

Na kwa kuwa aliwahi kuja, aliwahi pia kuondoka. Jumamosi ya Desemba, saa kumi na moja na robo, baba anatazama saa yake, anaaga Sabato kwa maneno yake ya Kijita, anachukua nyavu na kushuka ziwani. Sisi tunakimbilia kuni na maji. Mama peke yake ndiye aliyekuwa mzito. Kila Jumamosi jioni alikuwa na lake: leo kichwa, kesho mgongo, mara anataka tu akae kidogo apumue. Anaketi akiangalia ziwa mpaka giza linaanza, ndipo anainuka na kuwasha moto. Baba alimtania, akisema mke wake anapenda Sabato kuliko Musa. Mama alicheka, akaendelea kuangalia ziwa.

Sasa nifike kwenye foleni, maana hapo ndipo yalipo yaliyonichosha.

Ninyi mliopanga foleni zile hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba duka la kijiji lilikuwa na rafu nyingi na kitu kimoja kimoja. Lori likisikika limetoka Musoma, watu wanatoka alfajiri kuweka mawe. Kila mtu na jiwe lake, unaliweka chini kwenye mstari, unakwenda shambani, unarudi unalikuta jiwe limekushikia nafasi. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Tuliibiana kuku, lakini mawe ya foleni hatukuibiana.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimechaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni mjini Musoma. Tulichaguliwa wawili tu kijiji kizima, mimi na kijana mmoja wa mwalimu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alitangaza kwamba pamoja na sukari na sabuni, lori litaleta kitambaa cha kijani cha sare, mita tatu kwa kila aliyechaguliwa, ila mzazi aje mwenyewe achukue. Ilikuwa Ijumaa, Desemba. Mama aliweka jiwe lake kabla jogoo hajawika, jiwe jeusi bapa alilolitoa ufukweni, nami nikakaa naye kutwa nzima. Lori lilifika saa tisa. Walipomaliza kushusha na kuandika, saa kumi kasoro, mbele ya mama walibaki watu sita. Nilikiona kitambaa chenyewe juu ya meza, kimekunjwa, na nilishaamua wapi nitaweka mfuko.

Baba akaja. Alisimama pembeni na kuonyesha kiganja chenye saa. Wanawake waliokuwa nyuma yetu wakamwambia mama aende tu, aache jiwe, watamwangalizia, atarudi kesho. Mama akamtazama baba. Baba akatikisa kichwa.

"Jiwe ni lako," akamwambia. "Likisimama kwenye foleni, ni wewe umesimama."

Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Mama aliangalia juu mara moja tu, kama mtu anayetazama mvua, kisha akainama, akaliokota jiwe lake, akaliweka kichwani juu ya kata, tukaenda nyumbani. Nililia njia nzima na hakuna aliyeninyamazisha. Tulipofika alilitua mlangoni, na tangu siku hiyo likawa jiwe la kuzuilia mlango. Jumapili baada ya kanisa tulikwenda dukani tukaambiwa kitambaa kimekwisha. Mita tatu zenye jina langu zilikwishaje, hakuna aliyeweza kutueleza.

Nilikwenda Musoma na sketi iliyotokana na ovaroli la Bwana Eliezeri. Mama alilifumua, akaligeuza ndani nje, akalishona kwa mkono. Lilikuwa kijani, ndiyo, lakini kijani chake si kile cha wenzangu, na nyuma palikuwa na alama ya mfuko uliong'olewa. Kila Jumatatu paredi ya shule niliwekwa safu ya nyuma ili nisiharibu mstari. Wasichana walinipa jina la Fundi Bomba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilimchukia malkia wa baba yangu kwa moyo wote.

Ni mwalimu wa jiografia aliyenipa silaha. Alileta chungwa darasani, kitu cha anasa wakati ule, akalichoma kijiti katikati, akatuonyesha dunia inavyoinama. Akasema sisi tuko karibu na ikweta, chini yake kidogo tu. Kwetu jua linachomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Wanaokaa mbali na ikweta ndio ambao siku zao zinarefuka na kufupika, na walio kaskazini, Desemba jua lao linazama mapema mno. Wenzangu walikuwa wanalitazama chungwa kwa njaa. Mimi nilikuwa naona karatasi iliyo juu ya kitanda cha baba. Niliomba atlasi, nikaitafuta Yerusalemu, nikakuta ipo mbali huko juu, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja.

Mngenishauri ninyamaze, nami leo ningekubali. Lakini nilirudi likizo ya Desemba nikiwa na elimu ya mwaka mmoja na ile sketi. Ijumaa ya kwanza tulikuwa shambani, mimi, baba na mama, jua linatupiga kisogoni. Baba akatazama kiganja chake.

"Nyangeta, weka jembe," akasema. "Malkia anaingia."

"Anaingia Yerusalemu, baba," nikasema. "Hapa bado."

Alicheka kwanza. Nikachora ardhini kwa kidole, mduara, mstari wa ikweta, sisi hapa, wao kule. Nikamweleza kuhusu chungwa. Nikamwambia kwamba ile karatasi ilipigwa chapa kwao kwa ajili ya watu wa kwao, na kwamba hapa Suguti jua linazama saa moja kasoro, Desemba kama Juni, alitazame tu mwenyewe. Alisikiliza vizuri sana. Baba alikuwa mtu wa kusikiliza. Ndivyo alivyozipata hizo sala. Akachuchumaa akauangalia mduara wangu, kisha akasema taratibu kwamba basi tumekuwa tunawahi, na kuwahi si dhambi.

Hapo palitosha. Ningeweza kuachia hapo, na Sabato yake ingebaki nzima. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na alinikonyeza kwa nguvu ninyamaze. Lakini nilikuwa nimeibeba sketi ile mwaka mzima.

"Na Jumamosi, baba? Huwa tunatoka saa ngapi?"

Alianza kujibu, akaishia katikati. "Kumi na moja na robo," akasema. Kisha akageuka kuangalia kule chini zilikokuwa zimeanikwa nyavu zake. Jua siku hiyo lilikuwa bado juu sana.

"Saa hizo nilikuwaga nishashusha nyavu," akasema baba yangu.

Aliliweka jembe chini, akaenda nyumbani. Sala ya alasiri aliisali bila sauti, na ile ya jioni hatukumwona akiisali. Miaka kumi na moja alikuwa anaishika Sabato kwa gharama ya chakula, ya jina lake, ya kicheko cha watu, na kila Jumamosi ya miezi ambayo karatasi iliwahi alikuwa anaivunja kwa mikono yake mwenyewe, jua likimwangalia. Mtu mwingine angesema Mungu anaujua moyo. Baba alikuwa haishi hivyo. Kwake jambo lilifanyika au halikufanyika.

Kesho yake tulikaa na mama barazani. Baba alikuwa ndani, amelala ameelekea ukuta. Ilipofika saa kumi na moja na robo hakuna aliyekimbilia kuni, na mama hakutaja kichwa wala mgongo. Alikaa tu akiangalia ziwa. Ndipo nikaelewa na hilo.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Jua nalionaga kila siku," mama akasema. "Halihitaji karatasi."

Nikamuuliza sasa kwa nini aliondoka kwenye foleni. Watu sita tu walikuwa mbele yake. Kama alilijua jua, kwa nini aliinua lile jiwe?

"Baba yako alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima," akasema. "Sketi nilijua nitakushonea. Yeye ningemshonea nini?"

Jua lilipozama kweli kweli alisimama, akawasha moto.

Baba alifunga siku kumi na moja, moja kwa kila mwaka, na alifuturu jua likiisha kuzama, jua la Suguti. Katikati ya hizo siku alituambia jambo alilokuwa analikumbuka upya. Bwana Eliezeri, Ijumaa alasiri, alikuwa anaitazama ile karatasi, anatazama saa yake, anakaa kimya kitambo. Halafu anaendelea na kazi hadi jua likaribie upeo, ndipo anaoga, anawasha mishumaa miwili. Baba alidhani Sabato imeingia pale pa kimya, kwamba kazi iliyobaki ni ya kulinda mashine tu, na kwamba mishumaa ni ya kulia chakula tu. Aliwahi kumuuliza ile karatasi ni ya nini, na Bwana Eliezeri akajibu kwa neno moja, mama. Baba alidhani labda hakusikia vizuri. Sasa alifahamu. Mama yake alikuwa huko Yerusalemu, na karatasi ilimwambia mwanawe ni saa ngapi mama anawasha taa.

"Haikuwa yangu," baba akasema. "Ilikuwa ya mama wa watu."

Hakuiondoa ukutani. Sala zake zilirudi moja moja, kwanza ya asubuhi, mwisho ile ya alasiri. Ila saa ya mkono hakuishika tena kiganjani. Kuanzia hapo, Ijumaa na Jumamosi, alikuwa anakaa barazani na kuuliza, "Mama Nyangeta, tayari?" Na mama anaangalia ziwa na kusema bado, au anasema tayari. Macho ya baba yalikuwa mazima, angeweza kuangalia mwenyewe. Hakujiamini tena, na mimi ndiye niliyemfanya hivyo. Ijumaa za Desemba, ikifika saa kumi na dakika tano, alinyamaza kidogo popote alipo, kisha akasema mama wa watu anawasha taa. Sikumwambia kwamba hata saa zao ziko nyuma ya zetu, na kwamba huyo mama bado hajashika kiberiti. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza, ila nilichelewa.

Baadaye ikaja ruksa ya biashara. Sabuni ikajaa mpaka barabarani, mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, kitambaa cha kijani ukitaka mita mia unapata. Foleni zikafa. Viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa mjini Musoma, nami nikapata kazi kwenye kimojawapo, meza ya ukaguzi, buti nyeupe, baridi ya barafu mpaka kwenye mifupa. Ndege ya kupeleka minofu Ulaya haikujua Sabato. Minofu ilitakiwa iondoke, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi kubwa kuliko zote. Nilikwenda kumweleza baba nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliniuliza tu kama wanatupa chai. Nilimkagulia sangara magamba yake Jumamosi nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na baba alifariki bila kunikanya hata mara moja. Kwa hilo, niseme kweli, nilitamani angenikanya.

Sasa kiwanda kimepunguza watu, nauza dagaa sokoni, na mama anaishi nami hapa mjini. Ana presha ya macho, amepofuka. Lile jiwe jeusi nililichukua Suguti tulipombeba yeye na virago vyake. Linazuia mlango wangu. Mama anasali mara tatu kwa siku, ananiuliza kaskazini ni wapi maana nyumba za mjini zimempoteza, na Jumamosi hawashi wala haruhusu kuwashwa moto mpaka jua lizame. Neema amemwekea kwenye simu kitu kinachosema dakika ya jua kuzama, Musoma, Yerusalemu, popote unapotaka. Vijana wetu wanayajua hayo yote kwa kidole kimoja. Wanajua jua linazama saa ngapi Ulaya, na sijamwona hata mmoja aliyeinua kichwa kuliangalia linavyozama hapa. Nisiwaseme sana. Mimi mwenyewe ni mwaka wa ngapi sijaliangalia.

Jumamosi moja Desemba hii iliyopita nilirudi kutoka sokoni saa kumi na moja na nusu. Miguu ilikuwa imevimba, dagaa wamenyeshewa, tangu alfajiri sijala, na nilichotaka ni kupika uji wa mama, nimpe dawa yake, nilale. Neema hakuwapo. Mama alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake, ameelekea upande wa ziwa. Alisikia nikigusa jiko.

"Nyangeta, tayari?" akauliza, vile vile baba alivyokuwa anamuuliza yeye.

"Tayari, mama," nikasema. "Limezama."

Nikachukua kiberiti. Mama hakusogea. Aliinua uso kidogo, akauacha hapo, na mwanga wote wa jioni ulikuwa juu yake, kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye yale macho yasiyoona.

"Bado liko usoni mwangu," akasema. Akaweka mikono mapajani, akaendelea kwa sauti ile ile, bila hasira. "Baba yako alikoseaga, mwanangu. Kunidanganya hakuwahi."

Nilikirudisha kiberiti mahali pake. Nikakaa chini, juu ya lile jiwe, karibu na miguu yake, na ilikuwa imebaki zaidi ya saa nzima jua lizame, tukalisubiri.